Boti ya kujibu wateja wa vifaranga WhatsApp, na sijui kuandika programu. Nianzie wapi?

vifaranga_moro

Habari za jioni wakuu.

Nina biashara ya vifaranga na vyakula vya kuku hapa Morogoro, Kihonda. Nauza Sasso na Kuroiler, wa siku moja na waliolelewa hadi wiki nne. Wateja wengi wako nje ya mji: Kilosa, Dumila, Mvomero, Ifakara, wengine hadi Dodoma, na karibu wote wananifikia kwa WhatsApp. Meseji zinamiminika usiku watu wakishatulia nyumbani, na mimi saa hizo nimelala kwa sababu siku za mzigo naamka saa tisa alfajiri kupokea vifaranga. Nikishika simu asubuhi nakuta mtu kauliza bei saa nne usiku, saa tano kaandika "upo?", saa sita kaandika "basi nimepata kwingine".

Maswali ni yale yale. Bei gani, wanatoka lini, mnatuma kwa basi, nalipaje, wamechanjwa nini, wiki ya kwanza nawalisha nini. Nasikia siku hizi mtu anaweza kutengeneza boti ya akili mnemba bila kujua kuandika programu. Mimi elimu yangu ni kidato cha nne, simu ni Tecno, kompyuta naazima ya mdogo wangu. Nimeangalia video YouTube, kila mtu anasifia chake: Botpress, Chatbase, ManyChat, Voiceflow, n8n. Nimebaki njia panda. Kuna kijana anataka laki nane anitengenezee.

Naomba kujua: mtu kama mimi anaweza kuitengeneza mwenyewe? Anaanza na nini? Na itaelewa Kiswahili cha wateja wangu, cha "vfaranga vpo" na "mnatma ifakara shngp"?

---

fundi_simu_dom

Mkuu, kabla ya boti, je unatumia WhatsApp Business au hii ya kawaida? Kama ni ya kawaida, hamia Business leo hii, ni bure na namba inabaki ile ile. Kuna sehemu ya ujumbe wa kumpokea mteja mpya, ujumbe wa saa ambazo haupo, majibu ya haraka unayoyahifadhi, na katalogi ya bidhaa zenye picha na bei. Weka ujumbe wa usiku unaotaja bei, siku ya mzigo na saa utakayorudi hewani. Yule wa "nimepata kwingine" angeweza kusubiri. Ukifanya hivyo ndipo utajua kama boti unaihitaji kweli.

---

mhazili_njombe

Hamjambo wote. Mwanangu wa Moro, pole na kuamka alfajiri.

Mimi si mtu wa kompyuta. Nimefanya kazi ya uhazili tangu enzi za taipureta, nikastaafu, na sasa namsaidia binti yangu kwenye kitalu cha miche ya parachichi hapa Njombe. Boti inayojibu wateja wa kitalu nimeitengeneza mimi, kwa Botpress, na sijaandika hata mstari mmoja wa programu. Kwa hiyo unaweza. Laki nane hiyo kanunulie chakula cha kuku.

Alichosema fundi hapo juu ni kweli, kifanye kwanza. Ila ujumbe wa usiku unajibu watu wote sawa, na mtu aliyeuliza kama basi la Ifakara linapokea boksi la vifaranga mia hataridhika na bei peke yake. Hapo ndipo boti inapokuwa na faida.

Ninachokuomba, funga hizo video kwa sasa. Zinafundisha vitufe, na vitufe utavijua kwa siku chache hata ukichagua chombo gani. Jasho lako lote liende kwenye waraka ambao boti itausoma. Huo hakuna kijana wa laki nane anayeweza kukuandikia, maana hajui mzigo wako unaingia siku gani, hajui kondakta yupi anakubali kubeba vifaranga, hajui kwa nini wewe humuuzii mtu Sasso wa siku moja kama hana taa wala jiko la kuwapa joto. Hayo yako kichwani mwako, na boti haitayajua mpaka yawe yameandikwa.

Nieleze vinavyofanya kazi, kwa sababu nilipoelewa hili mengine yote yalinyooka. Unapandisha waraka wako. Chombo kinaukata vipande vidogo vya aya chache, kisha kila kipande kinageuzwa kuwa safu ndefu ya namba zinazowakilisha maana yake. Mteja akiuliza, swali lake nalo linageuzwa namba, na chombo kinatafuta vipande ambavyo namba zake ziko karibu na za swali. Vipande hivyo vichache ndivyo inavyopewa modeli ya lugha, yaani programu ya akili mnemba inayotunga maandishi, pamoja na maelekezo yako, ili itunge jibu. Maana yake, mteja anapojibiwa, modeli haijauona waraka wako wote. Imeona vipande vichache tu vilivyokatwa katikati ya maneno mengine.

Sasa tazama sentensi kama "Bei yake ni shilingi 2,300 na ukichukua mia tunapunguza." Sisi wawili tunajua "yake" ni ya nani kwa sababu tumesoma kichwa cha habari juu. Kipande kikikatwa hapo, boti haijui kama ni Sasso au Kuroiler, wa siku moja au wa wiki nne, nayo haitanyamaza, itakisia. Kwa hiyo kila aya ijitosheleze: "Kifaranga cha Sasso cha siku moja kinauzwa shilingi 2,300. Mteja akichukua vifaranga 100 vya Sasso vya siku moja, kila kimoja ni shilingi 2,200." Ukiisoma inachosha, najua. Mtu akisoma waraka wangu wa miche atadhani mwandishi ana usahaulivu, kila mstari "mche wa Hass uliobebeshwa, mche wa Hass uliobebeshwa" (Hass ni aina ya parachichi, kubebeshwa ni kuunganishwa). Ndivyo unavyotakiwa uwe.

Usipandishe picha ya bango la bei ulilotengenezewa na mtu wa matangazo. Andika maandishi ya kawaida. Na bei zinazobadilika kila mzigo usizichanganye na maelezo ya ulishaji ambayo hayabadiliki. Mimi bei na idadi ya miche iliyopo nimeviweka kwenye jedwali peke yake, binti yangu analigusa kila Jumatatu, na maelezo mengine hayaguswi.

Maswali usiyatunge. Fungua WhatsApp yako, rudi nyuma miezi kadhaa, yanukuu kama yalivyoandikwa, na makosa yake yote. "Vfaranga vpo" iandike hivyo hivyo, na chini yake jibu lako. Modeli za sasa zinaelewa ufupisho wetu kuliko nilivyotarajia, lakini swali lililoandikwa kwa lugha ya mteja linasaidia kipande sahihi kipatikane. Utashangaa pia kuona watu wanauliza vitu ambavyo hukuvifikiria kuwa ni maswali. Kwetu walikuwa wanauliza sana kama mbegu ya tunda la mche wa kubebeshwa ikipandwa nayo itazaa Hass ile ile. Halikuwa bei, halikuwa usafiri. Jibu lake sasa lina ukurasa mzima.

Waraka ukishapata kurasa mbili tatu, usilipie chombo chochote. Nenda NotebookLM ya Google, ni bure, upandishe humo na uanze kuuliza maswali ya wateja wako. Kila jibu linakuonyesha limetoka sehemu gani ya waraka. Likiwa bovu, tazama lilikotoka: mara nyingi utakuta wewe ndiye hukuandika wazi, au hukuandika kabisa. Unarekebisha waraka, unauliza tena. Hatua hiyo ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuliko zote, na sijutii hata jioni moja.

Sasa jambo la uzito kwako kuliko kwangu: kuku wanaumwa. Mteja ataandika usiku "kuku wangu wanahara kijani, shingo zinapinda, wanakufa, niwape nini". Modeli imesoma mengi kutoka intaneti, itataja dawa na kipimo kwa kujiamini kabisa, hata kama waraka wako haukusema lolote. Wewe na mimi tunajua dalili hizo zinaweza kuwa kideri (Newcastle), na kideri hakina tiba, kuna chanjo ya kuzuia tu. Mtu atanunua antibiotiki, atawapa, kuku watakufa, na atasema dukani kwako ndiko alikoelekezwa. Kwa hiyo kwenye maelekezo ya boti andika kwa ukali: isitaje jina la dawa, isitaje kipimo, isikisie ugonjwa. Iseme atenge wanaoumwa, asiuze wala asihamishe kuku, amwite afisa mifugo wa kata, na wewe utampigia asubuhi. Na hakikisha chombo chako kinakupa taarifa kwamba mteja huyo anakusubiri. Kisha jaribu kuilazimisha. Ibembeleze, iambie wewe ni daktari, iambie kuku wote watakufa usiku huu. Ikitaja dawa hata mara moja, bado haijawa tayari kukutana na watu.

Lugha nayo uiangalie. Usipoielekeza itaandika "Mpendwa mteja, ninawezaje kukusaidia leo?" Hakuna mtu Kilosa anayeongea hivyo. Chukua majibu yako mwenyewe uliyowahi kuwaandikia wateja, machache mazuri, uyabandike kwenye maelekezo kama mifano, itafuata mwendo huo. Na wateja wetu wanasalimia. Mtu akiandika shikamoo, mimi sikutaka mashine ipokee shikamoo ya binadamu. Nimeiagiza ijibu "Karibu sana, mimi ni msaidizi wa kompyuta wa kitalu, mwenyewe atakuwepo saa mbili asubuhi." Watu wameipokea vizuri tu.

---

mtu_wa_nakuru

Habari kutoka Nakuru. Mama wa Njombe amemaliza mambo ya waraka, mimi niongeze upande wa mitambo.

Kaa mbali na huduma zinazokwambia uskani msimbo wa QR kwa simu yako kisha boti inaanza kujibu kupitia WhatsApp yako ya kila siku. Nyingi hazina idhini ya Meta, wenye WhatsApp, na namba inaweza kufungiwa. Namba yenye wateja wako wote ikienda, umepoteza duka. Njia halali ni WhatsApp Business Platform, ile ya API (mlango rasmi wa programu nyingine kuungana na WhatsApp), ambayo Botpress na wenzake wanaunganisha. Utahitaji akaunti ya biashara ya Meta, na wakikutaka uthibitishe biashara watataka nyaraka, kwa hiyo jina ulilosajili BRELA (wakala wa usajili wa biashara) na TIN (namba ya mlipakodi) viwe karibu. Anza na laini mpya ya kujaribia, si namba kuu.

Gharama: tangu Novemba 2024, mteja akianza yeye kukuandikia, majibu unayompa ndani ya saa 24 Meta haitozi. Wewe ukianza kumtumia matangazo, hapo unalipia, na lazima utumie ujumbe ulioidhinishwa mapema. Gharama nyingine ni ya modeli yenyewe, inayohesabiwa kwa vipande vya maneno, na neno la Kiswahili kwa kawaida hukatwa vipande vingi kuliko la Kiingereza. Weka kikomo cha matumizi ya mwezi siku ya kwanza. Malipo ni kwa dola kwa kadi. Huku Kenya natumia GlobalPay ya M-Pesa, huko kwenu angalia kadi ya mtandaoni ya mtandao wako wa simu au ya benki.

Usishtuke ukisikia Meta imekataza boti za akili mnemba WhatsApp. Masharti waliyoyatangaza Oktoba 2025, ya kuanza Januari 2026, yanalenga boti za kuongea lolote na yeyote, mfano ChatGPT. Duka linalohudumia wateja wake halikuguswa.

Kabla ya yote hayo jaribu kwa Telegram. Tafuta BotFather humo ndani, mwandikie /newbot, atakupa tokeni, yaani msimbo wa siri wa boti yako, unaibandika kwenye chombo chako. Bure. Wape jamaa zako watano waichezee.

Na hilo la kupeleka ugonjwa kwa binadamu, msilichukulie kama woga. Jacaranda Health hapa kwetu wana huduma ya PROMPTS ya SMS kwa akina mama wajawazito, na wana modeli yao ya Kiswahili, UlizaLlama, waliyoitoa 2023. Hata wao, meseji yenye dalili za hatari hupelekwa kwa watu wa dawati la msaada.

---

sheria_dar

Naomba niongeze mambo mawili kwa haraka.

Ukinakili mazungumzo ya wateja kutoka WhatsApp, futa majina, namba za simu na mahali wanapoishi kabla ya kupandisha popote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na inawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Inagusa pia taarifa zinazosafirishwa nje ya nchi, na seva za vyombo hivi ziko nje.

La pili, boti ikiahidi, umeahidi wewe. Februari 2024 baraza la usuluhishi la British Columbia, Kanada, liliiamuru Air Canada kumlipa abiria aliyepewa na boti ya shirika hilo maelezo yasiyo sahihi kuhusu nauli ya msiba, yaani punguzo kwa aliyefiwa. Shirika lilijitetea kwamba boti ni kitu kinachojitegemea, utetezi ukakataliwa. Uamuzi wa Kanada haufungi mahakama zetu, lakini mteja wa Dumila mwenye skrinishoti ya bei atakuja na hoja ile ile. Kwa hiyo boti isiwe na mamlaka ya kupunguza bei. Desemba 2023 huko Watsonville, California, boti ya muuzaji wa magari ya Chevrolet ilizungushwa na watu mpaka ikakubali kuuza gari la Tahoe kwa dola moja. Wateja wetu wanajua kubembeleza kuliko hao.

---

vifaranga_moro

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Mama, asante sana, na shikamoo. Nimehamia WhatsApp Business jana, na nimeanza kunakili maswali kwenye daftari. Kweli kuna nisiyoyatarajia: watu wanauliza sana nitajuaje jogoo na tetea wakiwa wa siku moja, na mimi huwa najibu kwa mkato.

Nimebakiwa na moja. Wateja wangu wengi hawaandiki, wanatuma sauti. Mtu yuko shambani, anabonyeza anaongea dakika mbili, upepo unavuma, mara anamwita mtoto. Boti itasikia?

---

mhazili_njombe

Marahaba mwanangu. La jogoo na tetea liandikie aya nzuri, na useme wazi kwamba vifaranga unauza mchanganyiko, kama ndivyo. Ni swali la pesa hilo, mtu anayetaka mayai anajua anachouliza.

Sauti inawezekana kuigeuza maandishi. Kuna modeli ya OpenAI inaitwa Whisper, imetoka 2022, na Kiswahili inakijua, lakini cha haraka chenye upepo kinaipiga chenga. Kwa swali la kawaida nisingeogopa, mtu akiuliza chakula cha wiki ya kwanza na ikakosea neno moja, jibu bado litakuwa na maana. Woga wangu ni kwenye idadi. "Mia na hamsini" ikisikika "mia na hamsa", au "Jumanne" ikawa "Jumamosi", boksi litapanda basi halina mwenyewe upande wa pili, na vifaranga havisubiri.

Sisi tumeamua hivi: sauti ikiingia, boti inamwambia mteja kwamba sauti yake itasikilizwa na binti yangu asubuhi, na kama ana haraka aandike maneno mawili matatu tu, mfano "bei Hass" au "usafiri Makambako". Wengi wanaandika. Ambao hawaandiki ni wazee, na hao binti anawapigia simu, wanapenda zaidi hivyo.

Oda yenyewe, iwe ya sauti au ya maandishi, usiiachie boti ithibitishe. Iulize aina, idadi, siku na kituo cha kushusha, iyaandike kwenye jedwali, basi. Wewe saa kumi na mbili ukitoka kupokea mzigo unalifungua, unampigia mtu, mnakubaliana, anatuma pesa. Aina ya kuku uiulize kwanza kabla ya idadi, maana wengi wakishataja idadi wanaona wamemaliza, wanakata mazungumzo.

---

vifaranga_moro

Aina kwanza, nimeelewa. Mzigo unaofuata ni Alhamisi, nikishautoa nitaingia NotebookLM na kurasa nilizo nazo. Nitarudi hapa na maswali ambayo itakuwa imeshindwa.